Neva ya taya la chini: njia yake, kazi yake, na namna ya kuipima na kuipiga ganzi

Mgonjwa wa kwanza amekufa ganzi mdomo wa chini, lakini akicheka mdomo unakwenda sawa pande zote. Wa pili mdomo umempinda, lakini ukimgusa kidevuni anahisi hata unyoya. Wote wawili watasema "mshipa wa fahamu wa usoni umeharibika", na wote watakuwa na haki kwa namna yao. Ila ni neva mbili tofauti. Wa kwanza shida yake iko kwenye neva ya taya la chini, tawi la tatu la neva ya tano ya fuvu iitwayo trijemino. Wa pili ni neva ya saba, neva ya uso. Kwa ufupi wa kukaririka: ya tano huhisi na kutafuna, ya saba hukunja uso. Anayezichanganya hizi mbili atapima kitu kisichoumwa na kukiacha kinachoumwa.

Mwongozo huu unaifuata ya tano kuanzia shina la ubongo hadi ngozi ya mdomo. Wanafunzi wengi hukariri majina ya matawi wakaishia hapo, na majina peke yake hayasaidii kitu. Kinachosaidia ni njia: tawi linapita wapi, limebanwa na nini, linatoka kwenye mfupa wapi. Sehemu ya kupiga ganzi ni kwa matabibu na wanafunzi walio chini ya msimamizi, si ya kujaribia nyumbani.

Kutoka ubongoni hadi nje ya fuvu

Trijemino huchomoza kwenye sehemu ya kati ya shina la ubongo, ponsi, ikiwa na mizizi miwili. Mzizi mkubwa ni wa hisia, na mdogo ni wa misuli. Mzizi wa hisia huvimba na kuwa ganglioni, fundo la seli lililolala kwenye kijishimo juu ya mfupa wa sikio, ndani ya fuvu. Kutoka kwenye fundo hilo hutoka matawi matatu: la jicho, la taya la juu na la taya la chini. La tatu ndilo nene kuliko yote, na ndilo pekee lenye nyuzi za misuli. Mzizi wa misuli hupita chini ya ganglioni bila kuingia ndani yake, ukatoka na tawi la tatu kwenye tundu lenye umbo la yai katika sakafu ya fuvu. Nje kidogo ya tundu hilo mizizi miwili huungana ikawa shina moja.

Ndani ya ubongo hisia hazikai chumba kimoja. Mguso mwepesi huishia kwenye kiini cha ponsi (kiini hapa ni kundi la seli za neva). Maumivu na joto huteremka kwenye kiini kirefu kinachofika juu ya uti wa mgongo wa shingo. Hisia za mkao wa taya hupanda kwenye kiini cha ubongo wa kati, na hapo pana ajabu yake: seli za hisia hizo zimebaki ndani ya ubongo wenyewe, ilhali kwa kawaida seli kama hizo hukaa kwenye fundo la nje. Kwa kuwa vyumba ni tofauti, mtu anaweza kupoteza maumivu na joto usoni huku mguso ukibaki salama. Ukikuta mgawanyiko wa namna hiyo, tafuta tatizo kwenye shina la ubongo, usianze kulaumu jino.

Shina fupi, matawi mengi

Shina lenyewe ni fupi, nalo limekaa kwenye kilindi cha nyuma ya taya, kati ya msuli wa terigoidi wa nje, mmoja wa misuli ya kutafuna, na msuli unaokaza kaakaa laini. Kabla halijagawanyika hutoa matawi mawili. Moja hurudi ndani ya fuvu likifuatana na ateri ya utando wa ubongo. La pili huenda kwenye msuli wa terigoidi wa ndani, na njiani hulisha misuli miwili midogo, wa kukaza kaakaa na wa kukaza ngoma ya sikio. Kisha shina hupasuka mafungu mawili, la mbele na la nyuma.

Fungu la mbele karibu lote ni la misuli. Hutoa neva za msuli wa panja, neva ya maseta, yaani ule msuli mnene wa shavuni unaotuna ukiuma meno, na neva ya terigoidi ya nje. Tawi moja tu la fungu hili ni la hisia, neva ya shavu. Hupenya kati ya vichwa viwili vya terigoidi ya nje, ikashuka mbele na kugawa hisia kwenye ngozi ya shavu, utando wake wa ndani, na ufizi wa upande wa shavu wa magego ya chini. Hili litarudi tukifika kwenye sindano, maana ukipiga ganzi neva ya meno peke yake, ufizi huo unabaki macho.

Fungu la nyuma ni la hisia, isipokuwa uzi mmoja mwembamba. Lina matawi matatu makubwa.

La kwanza ni neva ya sikio na panja. Huanza kwa mizizi miwili inayoikumbatia ateri ya utando wa ubongo, hupita nyuma ya shingo ya kiungo cha taya, kisha hupanda mbele ya sikio hadi panjani. Huhisi kiungo cha taya, sehemu ya mbele ya sikio, sehemu ya mfereji wa sikio na ngozi ya panja. Pia hubeba nyuzi za kutoa mate kwenda kwenye tezi kubwa iliyo mbele ya sikio. Kwa kuwa jino la chini na sikio vinatumia shina moja, gego lililooza linaweza kuumia sikioni. Mtu mzima anayelalamika sikio, ukachungulia ngoma yake ukaikuta safi, mwambie afungue mdomo uone magego na kiungo cha taya.

La pili ni neva ya ulimi. Huungana na uzi mwembamba wa neva ya saba uliopitia kwenye sikio, koda timpani, uletao ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi na nyuzi za tezi za mate za chini ya taya na chini ya ulimi. Kwa hiyo hisia ya ulimi wa mbele ni ya neva ya tano, na ladha yake ni ya saba, ingawa kutoka hapo zote husafiri ndani ya ala moja. Neva ya ulimi ikikatwa chini ya muungano huo, ulimi hupoteza hisia na ladha pamoja. Ikiumia juu yake, ladha husalia. Jingine la kukumbuka ni kwamba neva hii hupita karibu kabisa na ukuta wa ndani wa gego la mwisho la chini, kwa watu wengine chini tu ya utando, halafu hupinda chini ya mfereji wa tezi ya mate.

La tatu ni neva ya meno ya chini, na hii ndiyo watu wengi humaanisha wakisema "neva ya taya". Kabla tu haijaingia mfupani huachia uzi wa misuli uendao kwenye sakafu ya kinywa na tumbo la mbele la msuli wa digastriki, ulio chini ya kidevu. Kisha huzama kwenye tundu lililo upande wa ndani wa mkono wa taya, nyuma ya kipande kidogo cha mfupa kama ulimi. Humo husafiri kwenye mfereji chini ya mizizi ya magego, ikigawia meno nyuzi zake. Ikifika karibu na magego madogo hugawanyika. Tawi moja huendelea ndani ya mfupa hadi meno ya mbele. Jingine, neva ya kidevu, hutoka kwenye tundu la kidevu, ambalo mara nyingi liko chini ya ncha za mizizi ya magego madogo mawili au kati yake, likaenda kuhisi ngozi ya kidevu, mdomo wa chini na ufizi wa mbele.

Ngozi ya pembe ya taya haimo. Kipande hicho, chini ya sikio kwenye kona ya taya, kinahisiwa na neva ya shingo kutoka C2 na C3, yaani neva ya pili na ya tatu za uti wa mgongo wa shingo. Ni mtego mzuri wa upimaji. Ganzi ya kweli ya trijemino huiacha pembe ya taya, na mgonjwa ambaye ganzi yake inameza uso mzima hadi shingoni pamoja na pembe hiyo anahitaji maelezo mengine.

Kuipima

Anza na hisia. Mwombe mgonjwa afumbe macho, umguse kwa ncha ya pamba kidevuni, shavuni na panjani, kulia kisha kushoto, naye aseme kila anapoguswa. Usimwulize "unahisi?" baada ya kila mguso, maana swali lenyewe linamjulisha umemgusa. Rudia kwa sindano butu ya upimaji inayotumika mara moja na kutupwa, safari hii akisema kama ni kali au butu, na kama pande mbili zinafanana. Ndani ya kinywa gusa ulimi wa mbele na ufizi. Ukipata eneo lililokufa, lichore mipaka kwa kalamu ya ngozi kutoka sehemu iliyokufa kwenda sehemu nzima, upige picha na uandike tarehe. Mwezi mmoja baadaye picha hiyo itakuambia kama neva inarudi. Kumbukumbu ya mgonjwa haitakuambia.

Kisha misuli. Weka vidole kwenye mashavu, umwambie aume meno kwa nguvu, halafu kwenye panja ufanye vivyo hivyo. Unatafuta upande usiotuna au uliokonda. Mwambie afungue mdomo polepole, ukitazama mstari wa katikati wa meno ya chini. Taya likikimbilia upande mmoja, upande huo ndio mdhaifu, kwa sababu terigoidi ya nje ya upande mzima inalisukuma na hakuna wa kuizuia. Wengi hulikumbuka hili kinyume. Kisha mzuie kwa mkono asisogeze taya pembeni, ulinganishe nguvu.

Mwisho ni rifleksi ya taya, yaani mruko wake wa kujiendea likigongwa. Mdomo uwe wazi nusu na umelegea. Weka kidole chako kidevuni, gonga juu yake kwa nyundo ndogo ya upimaji. Kwa watu wengi taya huruka kidogo tu au haliruki kabisa, na hilo si ugonjwa. Likiruka kwa nguvu, tatizo liko juu ya ponsi, pande zote mbili. Kwa kuwa kiini cha misuli ya kutafuna hupokea amri kutoka pande zote za ubongo, kiharusi cha upande mmoja mara nyingi hakiui kutafuna, ingawa mdomo unaweza kuwa umepinda.

Kuipiga ganzi

Kuna sababu ya msingi inayofanya taya la chini liwe gumu. Mfupa wa nje wa magego ya chini ni mnene, na dawa ikiwekwa kwenye ufizi tu haipenyi kirahisi hadi mizizi, hasa kwa mtu mzima. Kwa hiyo tunaifuata neva kabla haijaingia mfupani, pale kwenye kijulimi cha mfupa. Mbinu hii ni ya tangu miaka ya 1880, enzi za kokeini, na mpaka leo ndiyo inayotumika zaidi kwa magego ya chini. Pia ndiyo inayoshindwa zaidi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni asilimia 15 hadi 20 ya majaribio.

Vifaa: sindano ndefu, takriban milimita 32, geji 25 au 27 (geji ni kipimo cha unene; namba ikipanda, sindano ni nyembamba zaidi). Usitumie geji 30 hapa, kwani ni nyembamba, hupinda ndani ya nyama, na ndiyo inayotajwa sana kwenye visa vya sindano kukatika. Bomba liwe la aina inayoweza kuvuta nyuma. Dawa ya kawaida ni lidokeini asilimia 2 yenye adrenalini ya 1 kwa 100,000 au 1 kwa 80,000. Katriji, yaani kichupa cha dawa kinachowekwa kwenye bomba, ya mililita 1.8 ina miligramu 36 za lidokeini, ya mililita 2.2 ina miligramu 44. Piga hesabu kabla ya kuchoma. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango cha juu kinachotumika sana kikiwa na adrenalini ni miligramu 7 kwa kila kilo, bila kuzidi 500. Mtu wa kilo 60 ukomo wake ni miligramu 420, yaani katriji 11 za mililita 1.8. Kwa watoto, matabibu wengi hutumia ukomo wa miligramu 4.4 kwa kilo, na hapo mtoto wa kilo 15 anaishia miligramu 66. Hazifiki hata katriji mbili, na hapo ndipo makosa ya hatari hufanyika.

1. Mlaze mgonjwa, mdomo wazi kabisa. Mdomo ukiwa nusu wazi, neva hulegea na kwenda mbali na mfupa.
2. Weka kidole gumba ndani ya kinywa kwenye ukingo wa mbele wa mkono wa taya, ukitafuta bonde lenye kina kuliko pengine. Vidole vingine vishike taya kwa nje. Bonde hilo linakupa kimo: mstari uliolala ukipita hapo, milimita 6 hadi 10 juu ya usawa wa nyuso za kutafunia za magego ya chini.
3. Tazama mkunjo wa utando unaoshuka kutoka kaakaani kuelekea nyuma ya gego la mwisho la chini. Mahali pa kuchoma ni kati ya gumba na mkunjo, robo tatu ya njia kutoka gumbani, karibu zaidi na mkunjo.
4. Bomba lilale juu ya magego madogo ya upande wa pili. Kausha utando, paka ganzi ya juu, kisha choma.
5. Ingiza polepole hadi uguse mfupa. Kwa mtu mzima wa wastani ni milimita 20 hadi 25, yaani theluthi mbili hadi robo tatu ya sindano. Usiizamishe yote. Ikikatika shinani bila kipande kilichobaki nje, hutakuwa na pa kuishikia.
6. Rudisha milimita 1, vuta nyuma uone damu. Zungusha ncha kidogo, uvute tena. Katika sindano zote za meno hii ndiyo yenye damu nyingi, asilimia 10 hadi 15. Ikija damu, toa, badilisha katriji, anza upya.
7. Ingiza mililita 1.5 kwa muda usiopungua sekunde 60. Dakika nzima inaonekana ndefu mkono ukiwa hewani. Itazame saa, usikisie.
8. Rudi hadi nusu ya sindano, vuta nyuma tena, weka mililita 0.2 kwa ajili ya neva ya ulimi.
9. Kama utagusa ufizi wa upande wa shavu wa magego, neva ya shavu inataka sindano yake: mililita 0.3 nyuma na nje kidogo ya gego la mwisho.

Subiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kupima. Kiini cha jino, yaani nyama hai iliyo ndani yake, hupata takriban saa moja ya ganzi, mdomo na ulimi saa 3 hadi 5.

Kina cha kugusa mfupa ndicho kinachokuambia uko wapi. Ukiugusa mapema, kabla hata ya nusu ya sindano, ncha iko mbele mno. Usitoe yote, rudi kidogo, peleka bomba mbele juu ya chonge la upande wa pili, kisha endelea. Usipougusa kabisa, uko nyuma mno na pengine unaelekea kwenye tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Rudi, peleka bomba nyuma juu ya magego, ujaribu tena. Usimimine dawa kabla hujaugusa mfupa. Anayemimina bila kuugusa anaweza kuipiga ganzi neva ya saba ndani ya tezi, na baada ya dakika chache mgonjwa anashindwa kufumba jicho. Itapita dawa ikiisha. Mpaka hapo funika jicho lililo wazi, mweleze kinachoendelea, ahirisha kazi.

Kwa watoto tundu la taya liko chini zaidi, kwenye usawa wa nyuso za kutafunia au chini yake, kwa hiyo shusha kimo cha sindano. Mzazi aambiwe wazi: mtoto asile wala asichezee mdomo hadi ganzi iishe. Mdomo ulioumwa usiku kucha huvimba kiasi cha kudhaniwa jipu.

Mdomo umekufa lakini jino linapiga kelele

Mdomo kufa ganzi ni dalili kwamba dawa imeifikia neva. Si uthibitisho kwamba kiini cha jino kimelala. Pima jino lenyewe kwa baridi au kwa kipimo cha umeme kabla ya kuwasha mashine.

Mdomo usipokufa kabisa, umekosea mahali, na dawa ya kukosea ni kurudia kwa alama sahihi, juu kidogo. Mdomo ukifa na jino likabaki macho, sababu ni nyingine. Huenda jino linapata nyuzi za ziada, hasa kutoka kwenye ule uzi wa sakafu ya kinywa ulioachia njia juu ya tundu. Huenda mfereji wa taya umegawanyika mara mbili. Kwa meno ya mbele, nyuzi za upande wa pili huvuka katikati. Kubwa kuliko yote ni kiini kilichovimba. Maelezo yanayosikika sana ni asidi: lidokeini hupenya neva ikiwa katika umbo lisilo na chaji, na kwa pH (kipimo cha asidi) ya kawaida ya 7.4 robo hivi iko katika umbo hilo, ilhali kwenye usaha wa pH 6 inabaki asilimia 1 tu. Ni kweli pale pale penye uvimbe. Lakini sindano yetu imepigwa sentimita kadhaa nyuma, kwenye nyama nzima, kwa hiyo asidi haitoshi kueleza. Neva inayotoka kwenye jino lililovimba imebadilika yenyewe. Milango yake ya sodiamu, ile ambayo dawa ya ganzi huiziba, imekuwa migumu kuzibwa na inawaka kwa kichocheo kidogo.

Kumwaga lidokeini zaidi mahali pale pale kunasaidia kidogo. Kinachosaidia ni kuongeza kwa njia nyingine: artikeini, dawa nyingine ya ganzi, asilimia 4 kwenye ufizi wa nje wa gego la kwanza, au mililita 0.2 kwa kila mzizi kwenye ligamenti ya jino, au kupanda juu zaidi kwa mbinu ya Gow-Gates ya mwaka 1973. Hiyo hulenga shingo ya kiungo cha taya huku mdomo ukiwa wazi kabisa, na hupata matawi mengi kwa mkupuo mmoja, ila isubiriwe hadi dakika 10. Mgonjwa asiyeweza kufungua mdomo anafaa mbinu ya mdomo uliofungwa, ya Vazirani (1960) na Akinosi (1977). Sindano huingia sambamba na meno ya juu kwa kimo cha mpaka wa ufizi wa magego yake, kama milimita 25. Kasoro yake ni kwamba hakuna mfupa wa kugusa, kwa hiyo kina unakikadiria tu.

Mgonjwa akishtuka kama aliyepigwa umeme mdomoni au ulimini, umeigusa neva. Simama. Rudi nyuma kidogo kabla ya kumimina hata tone, na andika kwenye faili. Wengi hawabaki na athari. Kukaza taya siku zinazofuata hutokana na msuli uliotobolewa au kuvuja damu. Maji ya moto, dawa ya maumivu na mazoezi ya kufungua mdomo hutosha. Kukaza huko kukiambatana na homa na uvimbe unaoongezeka, fikiria maambukizi, mgonjwa aonwe siku hiyo hiyo.

Ganzi isiyoondoka

Visababishi vya kawaida ni kung'oa gego la mwisho, kipandikizi cha jino kilichoingia mfereji, matibabu ya mzizi yaliyosukuma kemikali nje ya ncha, na taya lililovunjika. Kwa mtu aliyepigwa taya, mdomo wa chini uliokufa ganzi ni dalili nzuri ya mvunjiko ulio kati ya tundu la ndani na tundu la kidevu, hata kabla ya picha.

Kabla ya kung'oa gego la mwisho, picha ya eksirei isomwe kwa alama tatu: mzizi unaogeuka kuwa mweusi pale unapokatana na mfereji, mstari mweupe wa ukuta wa mfereji unaokatika, na mfereji unaobadilisha mwelekeo. Ukiona mojawapo, skani ya pande tatu ina sababu, na kukata taji pekee, yaani kichwa cha jino, huku mizizi ikiachwa ni njia halali kwa jino lisilo na maambukizi kwenye mizizi. Kwa kipandikizi, acha angalau milimita 2 juu ya mfereji. Kumbuka pia kwamba neva ya kidevu mara nyingine hupita mbele ya tundu lake kwanza, ndipo ikarudi nyuma na kutoka.

Tangu mpasuaji Seddon alipoyapanga mwaka 1943, majeraha ya neva hugawanywa mafungu matatu. Neva iliyobanwa tu hurudi ndani ya siku au wiki. Iliyokatika nyuzi lakini ala yake ikabaki hukua upya kwa kasi ya milimita 1 hivi kwa siku, kwa hiyo hesabu miezi. Iliyokatika yote hairudi bila kushonwa. Neva ya meno ya chini ina bahati ya kukaa ndani ya mfereji wa mfupa unaoongoza nyuzi zinazoota. Neva ya ulimi imo kwenye nyama inayotembea, ncha mbili huachana, na ndiyo sababu uponaji wake ni wa mashaka zaidi. Ulimi usiobadilika kabisa baada ya miezi 3 haufai kuambiwa "subiri tu". Apelekwe kwa mpasuaji wa neva. Kipandikizi kinachobana neva kinatakiwa kutolewa mapema, saa 24 hadi 36 za mwanzo ikiwezekana, si baada ya kuona kama "itazoea".

Halafu kuna kidevu kilichokufa ganzi chenyewe, bila jino bovu, bila pigo, bila sindano. Hiki kisipuuzwe kamwe. Saratani iliyosambaa, hasa ya matiti au ya tezi za limfu, inaweza kujitangaza kwa ganzi ya kidevu kabla ya dalili nyingine. Picha ya taya peke yake haitoshi, ubongo na sakafu ya fuvu viangaliwe pia.

Maumivu ya ghafla kama umeme, ya sekunde chache hadi dakika 2, yanayoamshwa na kusugua meno, kunyoa au upepo, ni neuralgia ya trijemino, na hupenda taya la juu na la chini. Wengi hung'olewa meno mazima kwanza. Dawa ya mstari wa mbele ni karbamazepini, ikianzwa kwa miligramu 100 mara mbili kwa siku na kupandishwa taratibu huku sodiamu na damu vikipimwa. Kijana mwenye maumivu haya, au yeyote aliye na ganzi pamoja na maumivu, apigwe picha ya ubongo kutafuta uvimbe au ugonjwa wa utando wa neva.

Jirani anayefananishwa nayo

Turudi kwa ya saba, kwenye tawi lake moja linalopita ukingoni mwa taya. Kazi yake ni kushusha mdomo wa chini. Nyuma ya ateri ya uso tawi hilo linaweza kushuka chini ya ukingo wa mfupa, hadi sentimita 1 au zaidi kidogo, na ndiyo maana mpasuaji wa jipu au tezi ya chini ya taya hukata ngozi sentimita 2 chini ya ukingo. Likiumia, mgonjwa akicheka kona ya mdomo upande huo haishuki, na meno ya chini yanaonekana upande mzima tu.

Usikate tamaa kabla ya kupima kitu kimoja. Mwombe abinue mdomo wa chini nje kama mtoto anayenuna. Akiweza pande zote, msuli wa kidevu unafanya kazi, na kilichoumia ni tawi la shingo linalolisha msuli mpana wa shingo, ambao nao husaidia kuvuta mdomo chini. Huyo kwa kawaida hupona mwenyewe. Asipoweza, andika tarehe, piga picha akiwa anacheka, na umwone tena baada ya wiki 4.